Msafiri Maskini, Ajapokuwa Sultani

(Maneno ya mazungumzo juu ya safari ya Bw. John Steinbeck katika nchi ya Marekani, mwaka 1960)



Wahenga walinena kwamba msafiri ni maskini, ajapokuwa sultani. Maana ya methali hii yajulikana na kila mtu aliyewahi kushuka katika basi usiku, katika mji ambao hamjui mtu hata mmoja. Nyumbani kwake huenda ana ng'ombe, shamba na jina jema. Lakini njiani hana kitu ila mzigo wake na adabu yake. Hana budi kuuliza: maji yapatikana wapi, njia ya mahali fulani ni ipi, na je, yuko mtu awezaye kumpa mahali pa kulala? Wale anaowauliza ni watu ambao jana hakuwajua, na pengine kesho hatawaona tena. Hata hivyo usiku ule salama yake imo mikononi mwao.

Habari zifuatazo ni za mtu mmoja wa Marekani, mwenye mali na sifa, aliyetoka kwake kwa hiari yake mwaka 1960 ili awe msafiri wa namna hiyo. Alifunga safari ya maili zipatazo 10,000, katika motakaa iliyojengwa nyumba juu yake, kusudi akutane na watu asiowajua. Wengine alikutana nao kweli. Wengine walikuwa karibu naye, kiti kwa kiti, wala hakukutana nao. Na wengine, kama itakavyoonekana mwishoni, yawezekana hawakuwako kabisa. Katika mambo hayo matatu limo fundisho kwa kila mtu asafiriye, na kwa kila mtu apokeaye wageni.

NYUMBA JUU YA MAGURUDUMU

Bw. John Steinbeck alizaliwa tarehe 27 Februari 1902 katika mji wa Salinas, jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani. Kazi yake ilikuwa kuandika vitabu. Mwaka 1939 alitoa kitabu kiitwacho The Grapes of Wrath, chenye habari za wakulima maskini waliofukuzwa katika mashamba yao na ukame na madeni, wakaenda California kutafuta kibarua. Kitabu hicho kilimpa sifa kubwa, na mwaka 1940 kilipata tuzo ya Pulitzer. Baadaye alihamia upande wa mashariki, akakaa New York na katika mji mdogo wa Sag Harbor ulio kando ya bahari.

Alipofikia umri wa miaka 58 alitambua jambo lililomsumbua moyo. Kwa muda wa miaka 25 alikuwa akiandika habari za nchi yake, na huku haijui tena. Alikuwa amezoea kuruka kwa ndege kutoka mji mkubwa hata mji mkubwa mwingine, na kuzungumza na watu waliomjua tayari. Aliandika kwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu ni kama ghala lenye panya: mwenyewe hudhani limejaa, kumbe nafaka imepungua. Basi ingawa alikuwa ameugua mwishoni mwa mwaka 1959, na jamaa zake walimwonea wasiwasi, aliazimu kuizunguka nchi yote kwa barabara.

Aliagiza lori dogo la GMC, na juu yake ikajengwa nyumba ndogo. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, friji, taa, kabati, choo, na madirisha yenye wavu wa kuzuia wadudu. Gari hilo alilipa jina la Rocinante. Hilo lilikuwa jina la farasi wa Don Quixote, yule mzee wa hadithi ya Kihispania aliyetoka kwenda kutafuta mambo ya ushujaa, na farasi mwenyewe amekonda. Jina hilo liliandikwa ubavuni mwa gari. Bw. Steinbeck alidhani watu watamwuliza maana yake kila mahali. Lakini aeleza kwamba katika safari nzima hapana hata mmoja aliyeuliza.

Tena alichukua bunduki na fimbo za kuvulia samaki, si kwa sababu alitaka sana kuwinda wala kuvua. Alijua kwamba mtu asafiriye bila shughuli hutiliwa shaka, bali mwindaji na mvuvi huaminiwa mara moja. Kadhalika alitaka nyumba yake mwenyewe ili asiwe mgeni daima. Mwenye nyumba aweza kumkaribisha mtu ndani, akamtilia kahawa. Na mtu aliyekunywa kahawa ya mwenzake huona haya kuondoka bila kusema neno.

MBWA ALIYEKUWA MJUMBE

Aliondoka Sag Harbor tarehe 23 Septemba 1960. Mkewe alibaki nyumbani. Mwenzake katika gari alikuwa mbwa aitwaye Charley, mzee wa miaka 10, aliyezaliwa Ufaransa, na ambaye kwa maelezo ya bwana wake aliielewa lugha ya Kifaransa upesi kuliko Kiingereza.

Mbwa huyu alifanya kazi ya mjumbe. Katika jimbo la Maine, kaskazini kabisa, wakati wa mavuno ya viazi ulaya, Bw. Steinbeck aliona kambi ya vibarua kando ya ziwa. Walikuwa watu wa jamaa moja, wasemao Kifaransa, waliovuka mpaka kutoka Kanada kama ilivyokuwa desturi yao kila mwaka. Haikuwa adabu kuwaendea watu waliochoka na kuwahoji. Basi alimwachilia Charley aende kwao kwanza. Alipokwisha kufika akiwanusanusa, bwana wake alifuata nyuma kuomba radhi kwa usumbufu wa mbwa wake. Wao wakasema si kitu, ni mbwa mzuri. Na kwa hayo mazungumzo yakafunguka. Jioni walikuja kumtembelea katika nyumba yake ndogo, wakabanana humo, naye akawatolea kinywaji bora alichokuwa amekiweka akiba.

Ni vizuri kuangalia jinsi mambo yalivyokwenda. Mwenye motakaa na mali ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Vibarua wa viazi ndio waliokuwa wenyeji. Baadaye zamu ikageuka, wao wakawa wageni wake. Mtu atakaye kukutana na mwenziwe sharti akubali kushika zamu zote mbili, ya kupokea na ya kupokewa. Atakaye kuwa mwenyeji siku zote ni bwana mkubwa tu, naye atakaye kuwa mgeni siku zote ni mzigo. Ndiyo sababu Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Lakini mjumbe huyo huyo alimponza bwana wake siku nyingine. Alipofika Niagara, penye maporomoko makubwa ya maji, alitaka kukata njia kupitia Kanada. Ofisa wa forodha wa Kanada alimweleza kwa upole kwamba yeye angeweza kumruhusu kuingia, lakini wenziwe wa Marekani hawatamkubali Charley kurudi bila cheti cha sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa. Cheti hakikuwako. Ikambidi kurudi alikotoka na kuzunguka kwa njia nyingine. Sifa zake hazikumsaidia lolote, kwa kuwa hapana aliyemtambua. Yeye mwenyewe asimulia kwamba katika safari yote hakutambuliwa njiani hata mara moja.

MLINZI NA FUNDI

Katika jimbo la Michigan alisimamisha gari kando ya ziwa, asijue kwamba pale pana mwenyewe. Baada ya kitambo akaja mlinzi, kijana, mwenye amri ya kuwaondoa watu wote waliolala katika ardhi ya tajiri wake. Bw. Steinbeck hakubishana naye. Alikiri kosa, akamwomba aingie anywe kahawa kwanza. Yule mlinzi alikaa, akanywa, akazungumza, na mwisho akamwacha alale. Kesho yake walikwenda kuvua samaki pamoja. Hawakupata hata mmoja, lakini waliagana kama marafiki.

Alipofika Oregon, magharibi ya mbali, ilikuwa siku ya Jumapili na mvua inanyesha kwa nguvu. Tairi moja la nyuma likapasuka, naye akalala chini matopeni kulibadili. Akatambua kwamba na matairi mengine hayakufaa kwa uzito wa gari lile, na kwamba likipasuka jingine atakwama. Alijikokota polepole hata akafika penye kituo cha petroli. Mwenye kituo alikuwa mtu wa sura ya kutisha, mwenye makovu. Mtu mwingine angalifunga mlango, kwa maana ilikuwa siku ya kupumzika. Lakini huyu alishika simu, akapiga huku na huku, hata akapata matairi ya kufaa, yakaletwa, akayafunga kabla ya jioni. Bw. Steinbeck alimwombea heri katika kitabu chake, bila kulitaja jina lake.

Hapa methali ya kwanza yapata maana yake kamili. Siku ile fedha za msafiri hazikuwa na kazi, kwa sababu maduka yalifungwa. Alikuwa maskini kweli, na aliyemtajirisha ni mtu ambaye sura yake ingemfanya amkimbie kama angemwona usiku. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama urafiki wenyewe ni wa saa nne tu.

Yeye mwenyewe aliwahi kutambua kwamba njia iliyo bora ya kuvuta watu wakusaidie na kusema nawe ni kupotea. Mwenye kujua njia hupita. Aliyepotea husimama, akauliza. Kila mtu, hata aliye mnyonge, hufurahi kuulizwa jambo alijualo vema. Tena anaona kwamba wengi waliolitazama gari lake walikuwa na tamaa machoni, wakasema laiti na wao wangeondoka, kwenda po pote, mbali na pale walipo.

MOTAKAA YA MTU MWEUSI

Kufika hapa msikilizaji aweza kudhani kwamba kusafiri Marekani mwaka 1960 kulikuwa jambo la furaha kwa kila mtu. Haikuwa hivyo. Wakati Bw. Steinbeck alipokuwa akilala ndani ya gari lake kwa kupenda, maelfu ya watu weusi wa nchi ile walilala ndani ya motakaa zao kwa kukosa. Hoteli nyingi hazikuwapokea. Baadhi ya vituo vya petroli viliwauzia mafuta lakini viliwanyima choo. Iko miji iliyomkataza mtu mweusi kuonekana humo baada ya jua kutua. Basi baba mwenye jamaa alipofunga safari ndefu alichukua chakula cha njia nzima, blanketi na debe la petroli, asije akakwama mahali pabaya.

Kwa ajili ya watu hao, mpeleka barua mmoja wa posta, Bw. Victor Hugo Green, aliyekaa Harlem katika New York, alianza mwaka 1936 kuchapa kitabu kidogo kiitwacho The Negro Motorist Green Book. Ndani yake aliandika majina ya hoteli, mikahawa, vinyozi na vituo vya petroli ambapo mtu mweusi atapokewa kwa heshima. Tena aliandika nyumba za watu binafsi, hasa katika miji isiyokuwa na hoteli ya kuwapokea. Mama wa nyumba asiyemjua msafiri alikubali jina lake litiwe kitabuni, ili atakayebisha hodi usiku apate kitanda na chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii haikuandikwa katika kitabu cha Bw. Green, lakini ndiyo kazi iliyofanywa nacho kwa miaka 30.

Bw. Green alifariki mwaka 1960, mwaka ule ule wa safari ya Bw. Steinbeck. Sheria ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika hoteli na mikahawa ilipitishwa mwaka 1964, na baada ya miaka michache kitabu chake kikakoma kuchapwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameitumaini siku hiyo ambayo kitabu chake hakitahitajiwa tena.

MZEE ALIYETAKA KUSHUKA

Mwisho wa safari Bw. Steinbeck alipita Texas, akaingia New Orleans, mji mkubwa wa kusini. Tarehe 14 Novemba 1960 watoto wanne weusi, wasichana wa umri wa miaka sita, walikuwa wameanza kusoma katika shule mbili ambazo hapo kwanza zilikuwa za wazungu peke yao. Watatu walikwenda shule moja. Wa nne, Ruby Bridges, alikwenda peke yake katika shule ya William Frantz. Kila asubuhi maofisa wa serikali kuu walimchukua kwa motakaa, wakatembea naye hata mlangoni, kwa sababu nje palikuwa na kundi la watu wazima waliomzomea na kumtukana. Wazazi wengi wa kizungu waliwaondoa watoto wao, naye akafundishwa peke yake darasani na mwalimu mmoja, mwanamke wa kizungu, kwa muda wa mwaka mzima.

Bw. Steinbeck alitaka kuyaona hayo kwa macho yake. Lakini aliogopa kwenda na gari lake, kwa kuwa lilikuwa na namba ya New York, na watu wa kaskazini walichukiwa. Aliliacha mbali, akapanda taksi. Na dereva alipotaka kujua ametoka wapi, alijibu kwamba ametoka Liverpool, Uingereza. Yule mtu aliyekwenda maili zote hizo ili aseme kwa uwazi na watu asiowajua, hapo aliona lazima aufiche ukweli wake. Akasimama katika kundi, akamwona mtoto mdogo aliyevaa nguo safi akipita kati ya maofisa warefu, akasikia maneno wanawake waliyomtupia. Maneno hayo, aeleza, yalimtia kichefuchefu.

Baada ya kutoka mjini alimwona njiani mzee mweusi akitembea kwa miguu, akamwomba apande gari. Mzee alipanda, lakini kwa kusitasita. Bw. Steinbeck alimwuliza maoni yake juu ya mambo yanayotendeka. Mzee alijibu kwa neno moja moja, akitazama mbele. Baada ya kitambo akasema kwamba kwake ni karibu, naye aomba kushuka. Gari lilipoondoka, msafiri alitazama katika kioo, akamwona mzee yule bado anakokota miguu kando ya barabara. Hapakuwa kwake pale. Aliona ni salama zaidi kutembea kuliko kuketi na mzungu amwulizaye maswali.

Siku hiyo kahawa haikufaa, wala mbwa, wala upole wa maneno. Watu wawili walikuwa ndani ya gari moja, lakini hawakukutana. Na kosa halikuwa la yule mzee. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba neno moja la kweli mbele ya mgeni laweza kumharibia nyumba yake, hawezi kufunguliwa kinywa kwa ukarimu wa dakika kumi. Ni lazima kwanza sheria na desturi za nchi zimlinde. Ndipo swali la mgeni huwa swali, si mtego.

Baadaye alimpakia mzungu mmoja aliyesifu kuzomewa kwa yule mtoto. Huyo alimwamuru ashuke. Tena alimpakia kijana mwanafunzi, mtu mweusi, aliyemwambia waziwazi kwamba mabadiliko yanakuja polepole mno. Baada ya hayo hakuwa na hamu ya kuona zaidi. Aliendesha mbio kuelekea nyumbani, akafika mwanzoni mwa Desemba, baada ya wiki zipatazo 11.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Kitabu chake juu ya safari hiyo, Travels with Charley, kilitolewa mwaka 1962, na katika mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake yote ya uandishi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1968. Watu wengi walikisoma kitabu hicho kama taarifa ya mambo yaliyotokea hasa.

Lakini mwaka 2010 mwandishi wa magazeti, Bw. Bill Steigerwald, aliifuata njia ile ile. Hakutaka kumharibia mtu jina. Alitaka tu kuona nchi imebadilika namna gani kwa muda wa miaka 50. Naye alilala mara nyingi ndani ya motakaa yake. Aliposoma barua za zamani, na maandishi ya kwanza ya kitabu kabla hayajakatwa, aliona mambo hayapatani. Bw. Steinbeck hakuwa peke yake siku zote; mkewe alikuwa naye kwa siku nyingi, hasa upande wa magharibi. Usiku mwingi hakulala garini bali katika hoteli na katika nyumba za marafiki.

Liko jambo zito zaidi. Kitabu chasimulia kwamba katika jimbo la North Dakota, karibu na kijiji cha Alice, alipiga kambi kando ya mto, akakutana na mchezaji wa michezo ya Shakespeare aliyekwenda mji kwa mji, wakazungumza sana. Lakini barua aliyomwandikia mkewe yaonyesha kwamba tarehe 12 Oktoba 1960 alilala katika mji wa Beach, ulio zaidi ya maili 300 magharibi ya pale. Bw. Steigerwald aliamua kwamba mchezaji yule, na watu wengine kadha wa kadha wa kitabuni, walitoka katika kichwa cha mwandishi. Mwaka 2012, kitabu kilipochapwa tena kwa kutimiza miaka 50, dibaji yake iliwaonya wasomaji wasishike kila neno kuwa tukio la hakika.

Wako waliokasirika, wakisema kwamba mwandishi wa hadithi ana ruhusa ya kutunga. Ruhusa hiyo anayo, mradi aseme kwamba anatunga. Mtu akileta habari kutoka safarini, wasikilizaji wake hawakuwako. Wamempa masikio yao kama watu watoao fedha kwa mweka hazina. Na yule mgeni aliyekutana naye hayupo kujitetea: akitiliwa maneno mdomoni, hawezi kuyakana. Kwa hiyo maneno ya mtu uliyekutana naye njiani ni amana. Usiyapunguze, wala usiyaongeze ili wewe uonekane mtu wa ajabu.

Hata hivyo haifai kutupa kapu zima kwa ajili ya embe moja bovu. Safari ilikuwako, na lile gari lilihifadhiwa katika nyumba ya makumbusho mjini Salinas. Mtoto Ruby Bridges alikuwako. Magazeti na picha za siku zile zamshuhudia, na alipokuwa mtu mzima aliyasimulia mwenyewe. Lakini mambo ambayo hayana shahidi ila Bw. Steinbeck, kama habari za yule fundi wa matairi na yule mzee mweusi, sasa yabidi yasomwe kwa tahadhari. Hiyo ndiyo hasara. Neno moja lililotungwa hutia shaka katika maneno kumi ya kweli, na huenda mtu mwema wa Oregon asisadikiwe kuwa aliishi, kwa sababu ya mchezaji wa North Dakota asiyeishi.

KUPOTEA NYUMBANI

Kitabu chaisha kwa jambo dogo. Bw. Steinbeck, baada ya kuizunguka nchi nzima, aliingia New York, mji aliokaa miaka mingi, na humo katikati ya wingi wa motakaa akapotea njia. Akasimama kando, akacheka mwenyewe. Askari polisi alimwendea, akidhani amelewa. Naye akamweleza kwamba ametoka mbali sana, na sasa hajui njia ya kwake.

Kama ilitokea hivyo au haikutokea, kila msafiri aitambua hali hiyo. Mtu akizoea kuuliza njia huona kwamba hata kwake yako mambo asiyoyajua, na majirani ambao hajawahi kuwauliza neno. Hahitaji maili 10,000 kwa kazi hiyo, ambazo ni kama kwenda kutoka Mombasa hata Nairobi zaidi ya mara 30. Aweza kuianza katika basi la kesho asubuhi, kwa kumsogezea mwenziwe mzigo, kumwuliza atokako, na kungoja jibu. Akijibiwa, ashukuru. Asipojibiwa, asikasirike, bali afikiri ni kitu gani kilichomfunga mwenziwe kinywa. Na jioni akisimulia nyumbani aliyoyasikia, ayasimulie kama yalivyokuwa.